Ufunguo Uko kwa Nani Usiku?

Mhadhara uliotolewa katika komuni ya Mususa, mjini Butembo, mbele ya wazazi, wakuu wa shule, viongozi wa makanisa na mafundi



Nimeombwa niseme juu ya milango ya dharura na vyuma vyake. Najua kwamba ukitaja mlango wa dharura katika mji huu, mfanyabiashara atakumbuka ndege iliyompeleka Dubai au Guangzhou, na mwingine atakumbuka hoteli ya ghorofa kumi aliyolala Kampala. Atasema hayo si mambo yetu. Basi tuuite kwa jina la nyumbani: mlango wa nyuma. Ule wa pembeni kanisani, uliozibwa na viti vya plastiki vilivyopandana. Ule wa bweni unaotazama vyooni. Ule wa galeri chini ya ngazi, ambao sentineli ameupitishia mnyororo na kadena, yaani kufuli, na ufunguo uko katika mfuko wa koti lake, na yeye mwenyewe ameenda kununua mkate. Kila mmoja wenu ana mlango mmoja wa namna hiyo. Naomba auweke mbele ya macho yake sasa hivi, kwa maana nitakayosema yanauhusu mlango huo mmoja.

Kazi yangu ni vyuma. Nimechomelea milango tangu nikiwa kijana, na nitaanza na mlango ambao ningetamani nisingeugusa.

Ilikuwa wakati wa vita, mwaka 1999. Prefe, yaani mkuu, wa shule moja ya bweni, interna kama tunavyosema, aliniita. Shule hiyo sitaitaja. Bweni la wavulana lilikuwa na milango miwili, na ule wa nyuma komeo lake lilikuwa limekufa: kutu imekula ulimi, springi imekatika, na usiku mlango ulikuwa ukisukumwa na upepo tu. Kutengeneza komeo lile kulihitaji nusu siku na kipande cha chuma. Lakini prefe hakutaka komeo. Alitaka niuchomelee mlango usifunguke tena. Alikuwa na sababu, na hadi leo nasema sababu zake zilikuwa za kweli. Maharage yalikuwa yanatoka stoo usiku kwa njia hiyo. Na siku zile watu wenye bunduki walikuwa wanapita gizani, hakuna aliyejua ni wa kundi gani, na mzazi aliyemleta mtoto wake aliuliza swali moja tu: mlango unafungwa? Nikapiga nukta sita za moto, tatu juu na tatu chini. Nikalipwa. Nikaenda nyumbani nikalala.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Machi 2001, nilikuwa nimekaa karibu na redio. Walisema juu ya shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 26 bweni lilichomwa kwa petroli, na wavulana 67 wakafa. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na nondo. Mtangazaji alipotaja ule mlango wa pili, mimi nilianza kuhesabu zile nukta zangu sita, moja moja, na sikulala.

Asubuhi nilikodi jenereta, nikachukua mashine ya kukatia, nikaenda. Prefe alinikuta nimeshakata nukta nne. Hakunifukuza. Alisimama akanitazama hadi nikamaliza, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: “Fundi, sasa mimi usiku nitalala vipi?”

Sikuwa na jibu siku ile. Mhadhara huu wote ni jibu ninalodaiwa na prefe yule.

Tusimdharau anayefunga. Watu wanaokuja kutoka mbali kutufundisha habari za moto mara nyingi husema kana kwamba mlango hufungwa kwa ujinga. Hapa Butembo, na zaidi kwa ndugu zetu wa Beni, mlango hufungwa kwa sababu tumezika watu. Kila mtu katika ukumbi huu anajua kilichotokea Mpondwe, upande wa Uganda, ng'ambo ya Kasindi, usiku wa tarehe 16 Juni 2023. Ni hatua chache tu kutoka mpakani, na watu wake ni damu yetu. Wauaji wa kundi la waasi la ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Wavulana walijifungia ndani ya bweni lao, kama ambavyo mtoto yeyote angefanya, na wale watu wakalichoma. Wasichana walijaribu kukimbia, wakakatwa kwa mapanga. Wanafunzi 37 walikufa, pamoja na watu wengine wa mji ule.

Sitasimama hapa kuwaambia kwamba komeo zuri lingewaokoa. Adui alikuwa amesimama mlangoni. Kuna ubaya ambao fundi wa vyuma hana dawa yake, na ni uongo kuwauzia wazazi waliofiwa nondo na springi. Ninachosema ni hiki: usiku ule umetufundisha kufunga zaidi, na nimeona kwa macho yangu, tangu mwaka ule, kadena zikiongezeka kwenye mabweni. Lakini kwa kila usiku mmoja wa panga, kuna usiku mwingi wa mshumaa ulioanguka kwenye chandarua, wa jenereta iliyojazwa petroli ingali na joto, wa waya uliounganishwa na mtu asiyejua umeme, wa chupa za petroli za kadhafi, yule muuza mafuta wa barabarani, zilizowekwa chini ya ngazi ya duka. Usiku huo hauna adui nje. Adui yuko ndani pamoja na watoto, na sisi tumemfungia humo humo.

Majirani zetu wamelipa sana kujifunza jambo hili. Kabla ya Kyanguli palikuwa na Bombolulu, huko pwani ya Kenya, Machi 1998, shule ya wasichana. Zaidi ya ishirini walikufa katika bweni lililofungwa lenye madirisha ya nondo. Mwaka 2008, mwezi wa Aprili, moto uliwaka katika bweni la wasichana wadogo pale Budo, karibu na Kampala, ukaua karibu watoto ishirini, na habari za kwanza zilizotoka zilikuwa za milango iliyofungwa. Mwaka huo huo wizara ya elimu ya Kenya ilitoa kitabu cha viwango vya usalama shuleni. Kimeandikwa kwa lugha ambayo hata mtoto anaielewa: mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, ufunguke kwenda nje, usifungwe kamwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, pawe na mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na nondo. Sisi hatuna haja ya kuvuka mpaka kuomba ruhusa ya kufuata maneno hayo. Lakini kitabu peke yake hakifungui mlango. Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri, wavulana 21 walikufa tena bwenini, nchi ikiwa na kitabu hicho kwa miaka 16.

Sasa turudi kwenye swali la prefe. Mlango umzuie mwizi wa nje na umtoe mtoto wa ndani. Watu hudhani ni vitu viwili vinavyogombana, ukiongeza kimoja unapunguza kingine. Ugomvi huo ulikwisha zamani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ulimalizwa na kipande cha chuma. Hadithi yake inastahili kusimuliwa polepole.

Katika mji wa Sunderland, Uingereza, tarehe 16 Juni 1883, watoto walijaa katika ukumbi wa Victoria kuangalia mazingaombwe. Mwishoni ilitangazwa kwamba watapewa zawadi, na za kwanza zilikuwa zinagawiwa chini. Watoto wa orofani wakashuka ngazi mbio. Chini ya ngazi palikuwa na mlango uliofungukia upande wao, na ulikuwa umekazwa kwa komeo la sakafuni ukaachwa wazi kidogo tu, upenyo wa mtoto mmoja, ili tiketi zikaguliwe. Walioanguka mbele waliukandamiza, waliofuata wakawaangukia. Watoto 183 walikufa kwa kukosa pumzi. Hapakuwa na moto hata cheche. Palikuwa na komeo moja lililosimama ndani ya tundu lake, na upande uliokuwa na watoto haukuweza kulitoa. Miaka michache baadaye, mwaka 1892, msanifu wa majengo Robert Alexander Briggs alipata hataza ya komeo linaloachia lenyewe likisukumwa na mwili wa mtu.

Kisha Chicago, tarehe 30 Desemba 1903. Jumba la maonyesho la Iroquois lilikuwa jipya, halina hata miezi miwili, na lilitangazwa kuwa haliwezi kuungua. Liliungua mchana, likiwa limejaa akina mama na watoto wa likizo. Walikufa watu 602. Nataka mafundi wasikie jambo hili: baadhi ya milango ya kutokea haikuwa na kufuli kabisa. Ilikuwa na aina ya komeo yenye kiwiko kidogo ambacho watu wengi hawakuwahi kukiona maishani. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, ulifungwa kwa ugeni. Mtu mmoja muuza vyuma, Carl Prinzler, alikuwa aende kwenye onyesho lile na hakwenda. Aliporudi Indianapolis alishirikiana na Henry DuPont, na kufikia mwaka 1908 walikuwa na nondo ya kulala kifuani mwa mlango, unaisukuma kwa mkono, kwa bega, kwa tumbo, kwa chochote kinachokufikia, na ulimi unarudi. Kwenye maduka yetu ya vyuma huiita kwa Kifaransa, baari ya paniki. Mimi nitaiita nondo ya kusukuma, kwa sababu jina hilo lina maelekezo ndani yake.

Na sasa tazameni upande wa pili wa mlango huo, ule wa nje. Hauna kitu. Hauna kitasa, hauna tundu la ufunguo, hauna pa kushika. Bamba tupu. Mwizi aliyesimama nje ana ukuta mbele yake; mtoto aliye ndani ana mlango. Ndilo jibu la swali la prefe, na limekuwa likiuzwa tangu kabla babu zetu hawajaona baiskeli.

Mtaniambia nondo ya kiwandani ni ghali, na kweli ni ghali, na iliyo rahisi sokoni mara nyingi ni bati lililopakwa rangi ya fedha. Mafundi wa Mususa wanaweza kuitengeneza. Mimi nimezitengeneza. Chuma bapa cha upana wa vidole vitatu kinalala kwa urefu wa zaidi ya nusu ya mlango, juu ya mikono miwili yenye pini. Ukikisukuma, mkono mmoja unavuta ulimi kwa kipande cha mnyororo wa baiskeli, na springi ya stendi ya pikipiki inaurudisha. Kitu gani katika orodha hiyo hakipatikani mjini kwetu? Ncha mbili za ile bapa zipinde kuelekea mlangoni, zisije zikanasa sweta ya mtoto anayekimbia. Ulimi uingie sentimita mbili kamili ndani ya fremu, na uso wake wa mbele uwe wa mteremko uliosuguliwa ukateleza.

Ukigeuza mlango ufunguke nje, bawaba zake, pomeli kama tunavyoziita karakana, zitakuwa nje, na mwizi atasema ahsante, atakata pini. Hapo ndipo wengi hurudisha mlango ndani. Hakuna haja. Chukua vipande viwili vya nondo ya milimita 12, urefu wa kidole gumba kila kimoja, vichomelee kwenye ubavu wa mlango upande wa pomeli, na toboa matundu yake kwenye fremu. Mlango ukifungwa, vipande vinaingia matunduni. Mwizi akikata pomeli zote tatu, mlango haumwondokei. Upande wa ulimi chomelea ukanda wa bamba wa kufunika mwanya, mtaimbo usipate pa kuuma. Na maharage? Wizi wa maharage hutoka ndani, kwa hiyo tundika kengele. Kengele yoyote yenye sauti, iliyofungwa ili ilie kila mlango unapofunguka. Kijana akitoka usiku bila ruhusa, zamu atasikia. Kengele inalinda stoo na haimfungii mtu.

Hayo ni ya kuweka. Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni la baadaye, kwa sababu mlango wa dharura una ugonjwa ambao milango mingine haina: hautumiki. Mlango wa mbele ukianza kukwama, watu mia moja watalalamika kesho yake. Wa nyuma unaweza kufa Januari, na hakuna atakayejua hadi usiku ule mmoja. Unakufa kimya. Nimeitwa kwenye majengo ambayo mlango wa dharura ulipakwa rangi nzuri, una maandishi mekundu juu, na nilipousukuma ilikuwa kama kusukuma kilima.

Anzeni na uzito. Mlango wa chuma ni mzito, na kila mwaka unashuka kidogo kwenye pomeli zake. Ukishuka milimita tatu, ulimi unagonga ukingo wa tundu badala ya kuingia katikati, na mtu aliye na haraka anautia kwa teke. Siku ile ulimi uliotiwa kwa teke hautatoka kwa kusukumwa. Angalieni sakafu: mlango unaoshuka huchora nusu duara kwenye saruji. Ukiona mchoro huo, usikate mlango chini. Unyanyue, utie pete ya shaba kwenye pini ya kila pomeli, mlango utarudi mahali pake. Pete ile ni pesa kidogo sana, na shaba juu ya chuma haipigi kelele wala haishiki kutu.

Wenye milango ya mbao wana jambo lao. Mji wetu uko kama mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua zetu mnazijua, na mkaratusi ambao haukukauka vizuri hujikunja kama mtu mwenye baridi. Mlango unaoteleza vizuri kiangazi utakaza wakati wa mvua. Fundi akiitwa mwezi wa mvua hupiga randa hadi upite, na kiangazi unabaki mwanya wa kupitisha panya, kisha mwenye nyumba anaongeza kadena la pili kuziba wasiwasi wake. Pigeni randa kidogo, halafu pakeni rangi kingo zote nne, hasa ile ya chini ambayo hakuna anayeiona. Maji huingilia hapo.

Tundu la komeo la sakafuni. Natamani ningewapeleka wote mkalione moja. Milango ya mikono miwili huwa na komeo refu linaloshuka sakafuni, na tundu lake hujaa vumbi letu jekundu, mchanga, vipande vya chaki, karanga. Kila anayefagia huongeza. Baada ya mwaka komeo haliingii tena, kwa hiyo mtu analikomelea kwa nyundo, na sasa limekaza kama msumari. Lisafisheni kwa kijiko kila wiki. Bora zaidi, mkono usiotumika wa mlango usiwe na komeo la sakafuni ambalo mtoto lazima ainame kulifungua. Katika moshi, anayeinama hukanyagwa.

Mafuta. Akina mama mnisamehe, lakini mawese yabaki jikoni. Nimekuta pomeli zimepakwa mawese kwa nia njema; yanashika vumbi, yanaganda, na baada ya miezi kadhaa ni gundi. Oili chafu ya injini nayo hubeba unga wa chuma unaosaga pini. Pomeli zitieni grisi safi kidogo. Ndani ya kitasa chenye tundu la ufunguo msitie mafuta yoyote ya majimaji. Saga risasi ya penseli, tia unga wake, ingiza ufunguo mara kadhaa.

Rangi inaua milango mingi kuliko kutu. Kila mwanzo wa mwaka wa shule tunapaka, na mpaka rangi hupitisha brashi juu ya ulimi, juu ya springi, juu ya mwanya wote, hadi mlango na fremu vinakuwa kitu kimoja. Mlango uliopakwa rangi leo ufunguliwe leo, na kesho, na keshokutwa. Kazi ya mpaka rangi haijakwisha kabla ya hapo, na asilipwe kabla ya hapo.

Skrubu zikilegea, fundi wa haraka hupiga msumari. Msumari hauvutiki kwa bisibisi, na siku ya kurekebisha utapasua ubao. Palipochoka weka bolti inayopenya hadi upande wa pili, kichwa chake kikiwa cha mviringo kwa nje ili mwizi asipate pa kutia spana, nati ndani.

Sasa kupima. Kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, kabla ya kushika mafagio, mlango wa nyuma ufunguliwe wote, hadi ugonge kituo chake. Aufungue mwanafunzi mdogo kuliko wote katika bweni lile. Ikiwa yule mdogo hawezi, mlango umekufa, hata kama prefe anauweza kwa kidole. Viwango vya Ulaya vya nondo za kusukuma, vile vinavyoitwa EN 1125, vinataka mlango uachie kwa nguvu isiyozidi nyutoni 80, yaani kama kusukuma uzito wa kilo 8 hivi. Halafu vinauliza jambo ambalo sisi hatuulizi: vipi ikiwa watu wameshaukandamiza? Mlango ukisukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 100, bado nondo iachie kwa nyutoni 220, kama kilo 22. Msongamano huubana ulimi kwenye bamba lake, na ulimi wenye kutu ndipo hukataa. Kwa hiyo jaribu la pili: watu wazima wawili wauegemee mlango kwa miili yao, na kijana asukume nondo. Wakitoka wote watatu kwa pamoja wakicheka, mlango u hai. Na jaribu la tatu lifanywe usiku, taa zimezimwa, mara moja kila muhula, kwa sababu mkono unapaswa kuijua njia kabla macho hayajapotea.

Andikeni daftarini. Tarehe, nani amefungua, umefunguka au haukufunguka, nini kimetengenezwa. Mistari miwili inatosha. Nimeona shule ambako prefe amehamishwa mara tatu, na kilichobaki cha kuwaambia waliofuata habari za mlango ni daftari la kurasa 48.

Kuna mahali pengine ambapo nitapaingia kwa uchungu, nikijua kwamba baadhi yenu mnafanya kazi huko. Kuna nyumba za matibabu katika nchi yetu ambako mlango wa nyuma hufungwa kwa ajili ya deni. Mama amejifungua, hana pesa, kwa hiyo wodi nzima inafungwa asitoroke. Najua dawa hazinunuliwi kwa huruma, na mishahara ya wauguzi haianguki kutoka mbinguni. Lakini mama yule yuko kitandani karibu na mtungi wa oksijeni na waya za zamani, pamoja na kumi wengine ambao wamelipa. Deni liandikwe, lidaiwe kwa chifu wa mtaa, kwa familia, kwa parokia. Lisidaiwe kwa mlango. Fundi akiitwa kuweka kadena nje ya wodi yenye wagonjwa, nawaomba mafundi wenzangu tukatae kazi hiyo, kama ambavyo mimi nilipaswa kuikataa ile ya mwaka 1999.

Mnyororo je? Wengi mmeweka mlango mzuri, nondo nzuri, kisha usiku mnapitisha mnyororo juu ya nondo. Nimeulizwa na mchungaji mmoja: “Tukifungua mnyororo kila ibada, si inatosha?” Inatosha siku mnayokumbuka. Mkesha huanza saa tatu usiku, mwenye funguo anafika saa nne, waimbaji wameshaanza, nani atapita katikati ya watu kwenda kufungua? Ikiwa lazima mnyororo uwepo jengo likiwa tupu, basi kadena lake na ufunguo wake vitundikwe kwenye msumari mmoja mbele ya mimbari au mezani kwa mlinzi, mahali ambapo kila mtu anaviona, na mtu yeyote asianze kuimba kama msumari ule uko mtupu. Hapo macho ya watu wote yanakuwa yamekagua, hata kama mwenye funguo amesahau.

Prefe yule alistaafu. Mlango wake nilimtengenezea mwaka ule ule wa 2001, nondo ya kusukuma kwa ndani, bamba tupu kwa nje, vipande viwili vya nondo ubavuni na kengele juu. Sikumdai. Nimebadilisha springi yake mara nne tangu hapo, na ulimi mara moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niseme hili la mwisho kabla ya maswali. Mmeona hapa mezani nimeleta mizani ya kukanyaga, hii ya nyumbani. Ndiyo ninayopimia. Unaisimamisha wima kama kitabu, unarudisha mshale kwenye sifuri kwa kigurudumu hiki cha chini, unaibana kati ya kiganja na nondo ya mlango, unasukuma polepole hadi ulimi uachie, unasoma. Ikipita 8, tafuta kutu, tafuta rangi, tafuta pomeli iliyoshuka. Anayetaka kuiazima aandike jina lake na jina la jengo katika daftari hili. Kila mmoja ana siku tatu, kisha amkabidhi anayefuata. Wa kwanza awe yule mama wa interna aliyekaa mstari wa pili, kwa maana ndiye aliyeniandikia barua kabla ya wengine wote, na mlango wake umekwama tangu Pasaka.